Sherehe ya Kuziba Mlango

Nilivyofika Langoni hakuna faida ya kueleza. Njia ni ndefu, nauli ni ya kulalamikiwa, na kila aliyewahi kusafiri anajua miguu inavyovimba. Nianze na kuta.

Mji ule una mitaa mizuri, imefagiwa, na mbele ya kila nyumba kuna baraza ya mawe na mlango wenye fremu iliyochongwa maua. Lakini ndani ya fremu, pale unapotarajia mbao na komeo, pana matofali. Yamepangwa kwa ustadi na kupigwa plasta, mengine yamepakwa rangi ya kijani na kuandikwa KARIBU. Mimi ni mwanamke niliyekulia uswahilini; nyumba isiyo na watu sebuleni huiona kama imefiwa. Nikabisha hodi kwenye matofali ya nyumba ya kwanza. Kwenye nyumba ya pili nikaweka sikio, nikasikia mtu anakohoa. "Hodi wenyewe!" Kikohozi kikakatika ghafla, kama cha mtu aliyefumaniwa.

Mtaa mzima ulikuwa na mlango mmoja tu ulio wazi, na ulikuwa unatoa harufu ya mkate. Nikaingia humo.

Mwenye nyumba aliitwa Bi Somoe. Alikuwa mjane, mwokaji wa mofa, ile mikate ya mtama, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili. Hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza nimekula nini, na kabla sijajibu akanitupia mkate wa moto mapajani.

"Kula kwanza, mgeni. Uongo utatuambia baadaye."

Nikawakuta watu wawili mkekani. Mmoja ni Fundi Makame, mwashi, anatafuna kimya kama mtu anayelipwa kwa kutafuna. Wa pili ni Bi Kidawa, mshonaji, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye mlango wake uliokuwa ukielekea mtaani ulikuwa umezibwa siku nyingi. Ili aje kumsalimu shoga yake wa hapo hapo pembeni, alilazimika kutokea nyuma, apite ukumbi mrefu mpaka Lango Kuu la mji, kisha azunguke juani arudi.

"Shoga, wewe ukija kuomba chumvi, mboga inaungua mara mbili," Bi Somoe alimwambia.

"Wewe nicheke tu. Mimi nina wateja kutoka miji ambayo hata majina yake siwezi kuyatamka. Wewe una nzi."

"Nzi wangu wananijua jina."

Walicheka wote, mimi nikacheka nao, na hapo ndipo nilipoelezwa desturi ya nchi. Kwa kuwa kila mmoja alimkatiza mwenzake, nitaieleza mwenyewe.

Zamani Lango Kuu lilikuwa lango tu, na palisimama mpiga mbiu. Mgeni akiulizia mshonaji, mpiga mbiu humwelekeza: mtaa wa tatu, mlango wa buluu, mwenyewe ana kengeza lakini mkono wake mzuri. Hakutaka chochote. Watu wakampenda. Wakaanza kuteremsha vibao vyao, maana vya nini, na mpiga mbiu anajua kila kitu? Watoto wakaacha kujifunza majina ya mitaa. Kisha wenye Lango wakajenga kumbi nyuma ya nyumba zote, zenye paa na ubaridi mzuri, wakasema: kwa nini mteja aungue jua? Sisi tutamleta mpaka jikoni kwako. Na haki ya Mungu walimleta. Mteja anafika Langoni, anasema anataka nini, mpiga mbiu anataja majina kwa mpangilio, na watu wanaoitwa wapelekaji wanamshika mkono mpaka ndani. Sharti lilikuja baadaye, kwa sauti ya chini: mlango wako wa mtaani uzibwe.

"Kwa nini mtu asiwe na milango yote miwili?" nikauliza.

Fundi Makame akameza kwanza. "Mwenye milango miwili mbiu haimtaji. Wanasema ana nia mbili."

"Na watu wa mtaani wanasemaje?"

"Mtaani nani?" akaniuliza. "Nenda kachungulie."

Nilichungulia. Barabara yote ile alikuwepo mbuzi mmoja.

Hapo nikaelewa shida ya Bi Somoe. Tanuri la mofa huwashwa alfajiri, donge hubandikwa ukutani mwake, na tanuri halijui kwamba wateja hawapo. Lilijengwa na marehemu mumewe kwa mikono yake. Mikate ilikuwa inalala, ikilala anapewa yule mbuzi, na mbuzi ndiye pekee mtaani aliyekuwa ananenepa.

"Nikizima hili tanuri," aliniambia akiwa ameligeuzia tanuri mgongo apate joto, "mimi nitakuwa nani? Bibi mmoja aliyekaa. Bora nizibe mlango kuliko kuzima moto."

"Ndiyo maneno!" akasema Bi Kidawa. "Makame, pima fremu."

Kumbe Makame alikuwa amekwisha kuipima.

Sherehe ya kuziba mlango ni kubwa kuliko harusi katika nchi ile, nami sijaona shughuli iliyojaa watu kama ile. Ubao wa mlango hupasuliwa kuni, na kuni hizo hupikia pilau ya wageni. Mwenye nyumba huvikwa kanga mpya, huweka tofali la kwanza kwa mkono wake akiwa upande wa ndani, na wanawake hupiga vigelegele. Ngoma zilipigwa. Bi Somoe alicheza na tofali kichwani, watu wakamtunza pesa. Kisha akasimama Bwana Nasibu, Msimamizi wa Mbiu, mtu mpole mwenye mikono laini, akasoma masharti: kwamba mwenye nyumba anazaliwa upya, kwamba atokaye nyumbani kwake atatoka kwa hiari yake, na kwamba arudiye, awe mgeni au mwenyeji, atarudi na mpelekaji.

"Na kama mpelekaji hayupo?" nikauliza nikiwa penye sufuria la pilau.

Bwana Nasibu alitabasamu. "Mgeni wetu, mpelekaji anakosekanaje kwa mtu anayeitwa kwenye mbiu?"

Watu wakacheka. Swali langu likaonekana la kishamba, nikajichotea mnofu mwingine.

Sitaki kusema uongo: mwanzo ulikuwa mtamu. Wateja walimiminika. Walikuja watu wenye vilemba nisivyovijua, watu wa bara na wa visiwani, wakala mofa wakapiga magoti kwa utamu. Jina la Bi Somoe lilitajwa la tatu, halafu la pili. Mimi nilikuwa nimebaki kwake kama mgeni, na nyumba ilijaa mpaka nikawa nalala nimejikunja kama kamba. Niliona raha. Kasoro moja tu: wateja wale hawakukaa. Mpelekaji alisimama na mteja wake, mkate ukakabidhiwa, wakaondoka. Ukimwuliza mtu habari za kwao, mpelekaji anakohoa.

Na kila anayetoka sharti atupe jiwe kwenye chungu kilichowekwa mlango wa nyuma: jeupe kama ameridhika, jeusi kama hakuridhika. Hakuna kutoka bila kutupa. Mteja mmoja alitupa jeusi, tulipomwuliza akasema mkate ni mzuri sana, ila kiatu kimembana njiani. Jambo hilo lilipelekwa kwenye Baraza la Mbiu, nami nilihudhuria. Wazee wenye elimu walijadiliana tangu asubuhi: je, jiwe hili ni la mwokaji au la mshona viatu? Walitoa hoja nzito pande zote. Mwishoni wakaamua ni la mwokaji, kwa sababu ndani ya chungu chake ndimo lilimokutwa.

Kisha Lango lenyewe likafungua tanuri. Wapelekaji walikuwa wameona mkate upi unachukuliwa haraka, walikuwa wameona hata namna Bi Somoe anavyonyunyiza ufuta, na siku moja mbiu ikaanza kwa kutaja Mofa ya Lango. Tulimwuliza Bwana Nasibu kama huo si upendeleo.

"Hapana," alisema. "Ni jina lenye bahati ya kukaa karibu na mdomo wa mpiga mbiu."

Jina la Bi Somoe likashuka. Sasa lilitajwa wakati mteja amekwisha kuchoka kusikiliza na ameshaondoka. Tanuri lilikuwa linawaka, mikate imelala, na safari hii hata mbuzi hakuweza kuingia.

Nilishindwa kuvumilia. Kazi niijuayo duniani ni kuongea na watu. Nikatoka nikaenda Langoni, nikakaa kwenye kahawa, nikamsifia mama yule mpaka povu likanitoka. Nilisema mofa yake inarudisha waume waliotoroka. Nilisema hata maiti akinusishwa atauliza maziwa yako wapi. Watu wakacheka, wakainuka, wakaidai kwa jina mpaka mpiga mbiu hakuwa na la kufanya. Siku hiyo nyumba ilijaa kama zamani, watu wakakaa, wakataniana, Bi Somoe akaimba akibandika madonge, na kila aliyetoka alitupa jiwe jeupe, wengine wakatupa mawili kwa mapenzi. Chungu kilifurika.

Kesho yake jina lake halikutajwa kabisa.

Nikamkimbilia Bwana Nasibu. Alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji.

"Weupe umezidi," alisema. "Mawe meupe kiasi kile, kwa siku moja, si desturi ya binadamu wanaokula mkate. Yanaonekana ni ya kupangwa."

"Yalipangwa na njaa, bwana! Nani aliyeamua?"

"Mizani."

"Iko wapi tukaione?"

"Haionekani, ili isihongwe."

"Basi tukaiulize."

"Haiulizwi, mama. Inapima tu."

"Na wewe kazi yako hapa ni nini?"

Akaweka mkono kifuani. "Kuwapa pole."

Nilitoka pale nikiwa na hasira, nikamwendea mpelekaji anirudishe nyumbani. Akaniuliza kwa nani. Nikamwambia kwa Bi Somoe. Akanitazama kama niliyetaja jina la ugonjwa. Jina hilo halimo kwenye mbiu. Yeye hawezi kupeleka mtu mahali pasipotajwa. Nikaomba nielekezwe ukumbi tu, nitatembea mwenyewe. Hakuna aliyeujua. Kila mmoja anajua kona yake, na kona zinabadilishwa.

Hapo ndipo masharti yaliyosomwa juu ya pilau yalipoanza kunilia masikioni. Bi Somoe alikuwa ndani. Kutoka aliruhusiwa, lakini akitoka, hakuna mpelekaji wa kumrudisha. Mle ndani mna tanuri la mumewe. Nilimjua, hatoki.

Nikaenda kule mtaani kwa miguu, juani, nikihesabu baraza kwa kukumbuka mahali nilipokuwa nakalia. Nikafika kwenye fremu yenye matofali mapya. Nikagonga kwa jiwe.

"Nani?" Sauti ilitoka mbali, kana kwamba ipo chini ya kisima.

"Ni mimi, mla mkate wako."

"Ulikuwa wapi, mshenzi wewe? Chai imepoa!"

Nilikaa barazani nikalia. Kisha nikasikia chuma kikikwangua. Ulikuwa upondo wake, chuma kirefu cha kutolea mikate tanurini. Alikwangua plasta na chokaa mpaka jua likainama, tofali moja likacheza, likaangukia ndani, na kwenye tundu likatokea jicho lake.

"Umekonda," alisema.

"Nipe mkate basi."

Mkate wa mofa, Mungu ni mkubwa, unapita kwenye tundu la tofali moja. Na harufu haihitaji mpelekaji. Alianza mchungaji wa yule mbuzi. Kisha akaja mzee aliyekuwa hajakanyaga mtaa wake mwenyewe tangu ukumbi ujengwe. Kisha wakaja wengi. Unga tulimmiminia kwa kitambaa tulichokikunja kama bomba, maji kwa kopo, kuni moja moja, na yeye akatoa mkate mmoja mmoja, na matusi ya kirafiki kwa kila mtu. Baraza zikajaa. Watu waliokuwa majirani miaka mingi walikutana hapo, wakaulizana nani kafa, nani kazaa. Hakuna aliyetupa jiwe. Asiyependa alisema, na mama akamjibu.

Kutoka nyuma ya ukuta wa pili tukasikia sauti ya Bi Kidawa: "Nyinyi! Mnachekea nini huko?"

"Njoo uone, shoga!" Bi Somoe akamjibu kutoka tunduni.

"Nikitoka wateja wangu watasema sipo!"

"Wapo wangapi?"

"Leo bado."

Tukacheka, mwenyewe akacheka, na kwa muda mtaa ule ukawa na sauti ya mtaa.

Bwana Nasibu alikuja mwenyewe. Mzee mmoja akaficha mkate ndani ya kofia. Lakini Bwana Nasibu hakukunja uso. Alinunua mkate, akaula wote amesimama, akalamba ufuta vidoleni. Alilitazama tundu, akaingiza mkono, akaupima upana kwa kiganja.

"Hiki ni kitu kizuri sana," alisema. "Nani amekibuni?"

"Njaa," akasema Bi Somoe kutoka ndani.

"Lango linawashukuru."

Haukupita muda mbiu ikatangaza Sheria ya Matundu. Kila nyumba itatobolewa tundu la upande wa mtaani, ili mteja ajisikie yuko karibu na mwenye mali. Tundu litakuwa la kipimo kimoja, litawekwa kifuniko cha Lango, na wapelekaji sasa watapanga foleni nje. Mtaani kukapigwa vigelegele. Wallahi na mimi nilipiga. Bi Somoe alipiga kutoka ndani mpaka akapaliwa. Tuliona tumeshinda: nchi nzima imetobolewa kwa ajili ya upondo wa mama mmoja.

Siku ya kutoboa ilikuwa ni sherehe tena. Ngoma, pilau, kanga mpya. Fundi Makame na wenzake walikwenda nyumba kwa nyumba na patasi, na kila tundu lilipofunguka, mkono wa mwenye nyumba ulitoka ukapunga, na watu wakashangilia. Ukatoka mkono wa Bi Kidawa, wenye pete na hina.

Walipofika kwetu, Makame hakuwa na patasi. Alikuwa na karai la saruji mbichi.

"Fundi, umekosea chombo," nikamwambia. "Hapa tundu lipo."

Hakunitazama. Aliyenijibu ni Bwana Nasibu, kwa upole ule ule. Matundu ni ya walio kwenye mbiu. Bi Somoe hayumo kwenye mbiu. Tundu la asiyekuwemo si tundu, ni ufa, na ufa huharibu sura ya mtaa.

"Yeye ndiye aliyelianzisha!"

"Ndiyo," alisema, na akaweka mkono kifuani. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Nikageuka kwa watu. Wale wote waliokuwa wakikaa barazani walikuwa sasa kwenye foleni, kila mmoja na mpelekaji wake pembeni, na mifukoni mwao kulikuwa na mawe. Mzee wa kofia alitazama ngoma. Hakuna aliyekuwa mbaya. Kila mmoja alikuwa na nyumba, na kila nyumba ilikuwa na tundu jipya.

Bi Somoe alikuwa amesikia. Akatoa mkono wake nje mpaka kwenye kiwiko, mkono mnene, wenye unga wa mtama na makovu ya moto.

"Dada Somoe," Makame akasema. "Ingiza mkono."

"Makame, umekula kwangu."

"Nimekula, dada. Ingiza mkono."

"Mkate wa leo ulikuwaje? Hujaniambia."

"Ulikuwa mzuri."

"Chumvi haikuzidi?"

"Haikuzidi. Dada, nakuomba. Na mimi nina nyumba."

Niliushika mkono ule. Ulikuwa wa moto kabisa. Tanuri lilikuwa bado linawaka. Aliponijua kwa mguso akanibana vidole, wala hakuuingiza ndani.

Kutoka tundu la pili Bi Kidawa alikuwa anaita, mkono wake ukipapasa hewa: "Jamani, kwangu kuna foleni? Nisaidieni, mimi huku sioni. Ipo?"

Bwana Nasibu alitazama jua, kisha karai.

"Saruji itakauka," alisema.

Makame akasubiri kidogo tena. Halafu akachota kwa mwiko, akapiga magoti, akaanza kupaka kuuzunguka mkono, taratibu, kwa uangalifu sana, asije akamchafua vidole.